Fyuzi si ya kuchezea

Ndugu msikilizaji, ukipita Kagondo, iwe ile ya Manispaa ya Bukoba au ile ya Wilaya ya Muleba, si ajabu, kama ilivyo kwingineko, kukuta duka ambalo fyuzi yake imeungua na mahali pake pamefungwa kipande cha waya mnene. Mwenye duka atakwambia: "Umeme sasa haukatiki ovyo." Ni kweli haukatiki. Lakini hebu tujiulize, fyuzi ilikuwa inakata umeme kwa nini?

Umeme una mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: msukumo na mkondo. Msukumo hupimwa kwa volti, na majumbani kwetu ni volti 230. Mkondo ni wingi wa umeme unaopita katika waya kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Chukua mfano wa tangi la maji lililo mlimani: urefu wa mlima ndio msukumo, na maji yanayopita bombani ndiyo mkondo.

Ukitaka kujua mkondo, gawa wati kwa volti. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4 na ushei. Jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Vyote viwili vikiwa katika waya mmoja, hizo ni ampea 13. Tena mkondo ukizidi mara mbili, joto katika waya huzidi mara nne.

Wahandisi wanalijua hilo. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme kutoka Uganda, kupitia Masaka, katika njia ya volti 132,000. Msukumo ukiwa mkubwa, umeme uleule husafiri kwa mkondo mdogo, na kiasi kinachopotea njiani kwa joto hupungua.

Fyuzi basi ni uzi mwembamba uliowekwa makusudi, uyeyuke kabla waya za nyumba hazijaungua. Ukiweka waya mnene, kitakachoungua sasa ni waya wa darini, juu ya kitanda cha watoto.

Fyuzi ikikatika, zima swichi kubwa, chomoa vyombo, kisha weka nyingine ya ampea zilezile. Ikikatika tena, mwite fundi anayeijua kazi yake. Kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga yowe si dawa ya mwizi.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.