Aliyeshuhudia Ajali Naye Ameumia



Nimepewa dakika tano kuhusu ajali za barabarani. Najua mnategemea niongelee trafiki na rushwa. Hayo tunayasema kila siku. Leo namwongelea mtu ambaye ripoti ya ajali haimhesabu: yule aliyekuwepo, akaona, akabeba majeruhi, kisha akarudi nyumbani "mzima".

Likizo iliyopita, kwenye barabara ya Nzega, lori liligonga bodaboda mbele yangu. Tulikimbilia. Abiria alikuwa dada wa rika langu. Nilikaa naye chini, nimemshika mkono, mpaka gari likapatikana. Hakufika hospitali akiwa hai. Mimi sikupata hata mchubuko. Lakini kwa wiki tatu nilishtuka usiku, nikisikia breki naganda, chakula hakipiti. Watu wakaniambia, "Jikaze, si wewe ndiye wakili wetu?"

Sasa sikieni. Darasani tunasoma kesi ya Bourhill dhidi ya Young. Mwaka 1938, mjini Edinburgh, mama muuza samaki, mjamzito, alikuwa anachukua kapu lake kwenye tramu. Mwendesha pikipiki akagongana na gari, akafa. Mama hakuguswa. Alisikia kishindo, baadaye akaona damu barabarani. Mtoto wake akazaliwa amekufa. Alidai fidia, na mwaka 1942 mahakama ya juu ya Uingereza ikamkatalia: mwendesha pikipiki asingeweza kutarajia kwamba yeye angedhurika. Miaka 40 baadaye, mahakama hiyohiyo ikampa haki mama mwingine, McLoughlin, aliyeikuta familia yake hospitali baada ya ajali. Yaani sheria inaweza kujifunza kwamba moyo nao unavunjika.

Hapa kwetu tunahesabu maiti na majeruhi tu. Tarehe 6 Mei 2017, Karatu, basi la shule lilitumbukia korongoni: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wakafa. Aprili 2018, basi na lori viligongana Igunga hapa mkoani kwetu, watu 12 wakafa. Namba hizo tunazo. Wale waliowatoa watu kwenye vyuma kwa mikono mitupu, nani aliwauliza wanalalaje?

Kwa hiyo tudai mambo mawili, na tuwabane madiwani wa chama chochote. Kwanza, bodaboda na mama ntilie wa kando ya barabara kuu wafundishwe huduma ya kwanza, maana wao ndio wanaofika mwanzo. Pili, vituo vya afya vya barabara hizo viwe na mtu wa ushauri nasaha, siyo mpaka mtu apelekwe Mirembe ndipo tuseme anaumwa.

Wakati tunadai, tusaidiane. Ndoto mbaya na kushtuka siku za mwanzo si wazimu, na kwa wengi hupungua zenyewe. Mwenzako akitaka kusimulia, msikilize. Asipotaka, usimlazimishe, kaa naye tu. Gongo haitibu, inaahirisha. Mwezi ukipita bado hulali, nenda kituo cha afya au Kitete, useme waziwazi: niliona ajali, siko sawa. Na jamani, picha za maiti kwenye magrupu, tuache! Kila anayefungua naye unamfanya shuhuda, na huenda wa kwanza kufungua ni mama wa marehemu.

Tabora ni mji wa wapagazi. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na wengi hulifasiri jina la Bagamoyo kuwa "bwaga moyo": umefika, tua mzigo. Misafara ile ilikuwa na mahali pa kutua. Anayebeba majeruhi leo kwenye barabara ya Nzega naye anastahili pake, na kwa kuanzia, pawe tawini kwetu.