Usalama wa Watu Wetu Usiku Wakiwa Ugenini

Hotuba ya Karani wa Chama iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mwingi



Katika mkutano uliopita mliiagiza Kamati ifikirie jinsi ya kuwaonya watu wetu wanaokwenda nchi za nje kutafuta kazi na masomo, hasa juu ya mambo yanayowapata usiku wanapotoka kustarehe. Siku ile baadhi ya wazee walinung'unika, wakasema kwamba shauri hilo halistahili kuletwa mbele ya Chama, kwa kuwa kijana aliyelelewa vema hana shughuli ya kutembea usiku. Twawaheshimu sana wazee hao. Mmoja wao ni baba mzazi wa mjumbe wa Kamati, na maneno aliyoambiwa mjumbe huyo jioni ile nyumbani kwake hayafai kuandikwa katika kijitabu hiki.

Hata hivyo watu wetu wasafiri, na wakifika waendako hutoka usiku. Sisi Wakamba hatukuanza jana kwenda mbali. Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Kitui, alikuwa na misafara iliyofika mpaka Mombasa, naye mwaka 1851 aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana alipokuwa amefuatana na mmisionari Krapf. Msafara ulitawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini, akitafuta njia ya kurudi kwa kiu na njaa. Babu zetu walioandikwa katika jeshi la KAR walipigana mpaka Burma. Leo watoto wetu wako Riyadh, Doha, Dubai, Kampala, Juba na Marekani. Sisi tulioandika hotuba hii hatujavuka bahari. Kampala ndio mwisho wa safari zetu. Kwa hiyo yote tutakayosema tumeyapata kwa kuwauliza waliorudi na kwa kusoma habari za mambo yaliyotokea kweli.

Wazee wanajua kwamba zamani uki haukuwa kinywaji cha vijana. Ulipikwa kwa ajili ya wazee, kwa shughuli zenye heshima, na kila aliyepokea kibuyu alijua nyumba uliyotoka na mkono wa nani ulioupika. Ukimdhuru mtu, palikuwa na wa kuulizwa. Kijana aliye ugenini hamjui mpishi, wala mpishi hamjui yeye. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Iko namna ya spiriti itumikayo viwandani, iitwayo methanoli. Haifai kabisa kuingia katika tumbo la mwanadamu, lakini wauzaji wenye tamaa huichanganya na vinywaji ili wapate faida, na mara nyingine hutokea katika pombe kali iliyotengenezwa na mtu asiyejua kazi. Ubaya wake ni kwamba mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha, wala kwa harufu, wala kwa rangi. Atalewa kama kawaida, atalala, na kesho yake atadhani ana uchovu wa pombe tu. Kumbe mwilini ile spiriti inageuka kuwa asidi. Baada ya saa 12, au hata siku nzima, kichwa chauma, tumbo lauma, atapika, na macho yaanza kuona ukungu. Asipotibiwa upesi hupofuka au hufa.

Hatuzungumzi habari za mbali tu. Mwezi wa Mei mwaka 2014 kinywaji cha namna hiyo kiliua watu zaidi ya 70 katika Embu, Kiambu, Makueni na hapa kwetu Kitui. Wengi waliokuwapo hapa siku zile wanakumbuka. Ng'ambo nako ni vivyo hivyo. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 wasafiri sita walikufa kwa sumu hiyo baada ya kustarehe katika mji wa Vang Vieng, nchi ya Laos: Waaustralia wawili, Wadenmark wawili, Mwingereza mmoja na Mmarekani mmoja. Hao walitoka katika nchi zenye fedha na shule nyingi, wala hilo halikuwasaidia. Na mwezi wa Agosti mwaka 2025 Kuwait, nchi ambayo pombe imepigwa marufuku kabisa, watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wao wakiwa wafanya kazi waliotoka Asia. Pombe ikipigwa marufuku mahali, anayeitaka huinunua gizani, na cha gizani hakina anayekikagua.

Sasa twaomba ruhusa ya kusimulia habari ya mtu mmoja wetu. Yeye mwenyewe ametukubalia, mradi jina lake lisitajwe, na ile nchi ya Ghuba aliyokuwa akifanya kazi isitajwe pia.

Kijana huyu alikwenda kwa kazi ya ulinzi. Kwa miaka miwili alikuwa akileta fedha nyumbani kila mwezi. Mabati ya nyumba ya mama yake yalinunuliwa kwa fedha hizo, na ndugu zake wawili wakasomeshwa. Siku ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Basi Alhamisi moja usiku alialikwa katika chumba cha wenzake wa nchi nyingine, wakanywa kinywaji kilicholetwa ndani ya chupa ya maji. Ijumaa alilala mchana kutwa. Jioni aliwaambia wenzake kwamba taa ya chumbani imezungukwa na moshi, nao wakacheka, kwa maana moshi haukuwapo.

Wale wenzake hawakuwa watu wabaya. Walimpa maji, wakamfunika blanketi, wakafunga mlango. Walifunga mlango kwa sababu waliwaogopa polisi, waliogopa kufukuzwa kazini, na waliogopa kurudishwa kwao na madeni ya wakala yakiwa hayajalipwa. Yeye alikuwa na hofu ya nne, ambayo hatukuijua mpaka tulipomtembelea kwao. Alitwambia kwamba aliwasihi wenzake wasimpeleke hospitali, kwa sababu habari ingefika Mwingi kwamba amelewa, na Chama kingemwacha yeye na mama yake pamoja naye. "Nilikuwa nimekisoma kile kijitabu," alisema.

Alipelekwa hospitali Jumamosi usiku, akiwa hawezi tena kusema. Madaktari walimwokoa asife. Macho hawakuweza kuyaokoa. Leo yuko kwa mama yake, chini ya yale mabati, naye akisikia hatua za mtu uani huuliza ni nani kabla mgeni hajabisha hodi.

Kijitabu alichokitaja ni hiki hiki mlicho nacho mikononi. Kanuni yetu ya 14 yasema hivi: "Chama hakitatoa msaada wowote kwa mwanachama aliyepatwa na madhara kwa sababu ya ulevi." Kanuni hiyo iliandikwa kwa nia njema na watu wenye busara, wakati ambapo fedha za Chama zilikuwa zikimalizika kwa kuwalipia watu faini za ugomvi wa sokoni. Hatuwalaumu. Lakini hapana budi tuseme wazi kwamba kanuni hiyo ilikuwamo chumbani usiku ule pamoja na wale vijana, nayo ilisaidia kuufunga mlango.

Ndiyo maana Kamati yataka mambo yafuatayo waambiwe watu wetu kabla hawajaondoka, bila kuona haya. Mtu akiwa ugenini asitoke usiku peke yake, na katika kila kundi mmoja asinywe kitu, awe ndiye mwenye macho usiku ule. Watoke pamoja, warudi pamoja. Ikiwa mmoja ataka kubaki na watu aliokutana nao pale pale, basi na abaki na mwenzake. Kabla ya kutoka apeleke ujumbe kwa ndugu au rafiki asiyetoka, aseme ni mahali gani anakwenda na saa ya kurudi. Jambo hili dogo huonekana la kitoto, lakini aliye ugenini akipotea usiku hana jirani atakayeona mlango wake haujafunguliwa asubuhi.

Mtu akiona ukungu machoni, au akiwa haamki vizuri baada ya kunywa, asiachwe alale mpaka pombe imtoke. Alazwe ubavu ili asisongwe na matapishi, gari la wagonjwa liitwe, na daktari aambiwe ukweli wote: alikunywa nini, saa ngapi, na chupa ikiwapo ipelekwe. Iko dawa ya sumu hiyo, na iko mashine ya kusafisha damu, lakini zote mbili zataka ziwahi. Tumesikia pia kwamba wengine hutibu sumu hiyo chumbani kwa kumwongezea mgonjwa pombe. Ni kweli kwamba madaktari hutumia pombe safi kuizuia sumu, ila wao hupima damu na kuhesabu kipimo. Rafiki mwenye chupa hana kipimo.

Nambari za kuita msaada zapasa kuandikwa kwenye karatasi, zisikae ndani ya simu tu. Polisi ni 999 katika Uganda, Qatar na Falme za Kiarabu. Gari la wagonjwa ni 998 katika Falme za Kiarabu na 997 katika Saudia. Kuwait ni 112 kwa yote. Nyuma ya karatasi hiyo iandikwe nambari ya ubalozi wa Kenya katika nchi ile.

Juu ya sheria tutasema kidogo, kwa kuwa mawakala wanapaswa kuzieleza na wengi wao hawazielezi. Saudia ilipiga marufuku pombe mwaka 1952, na mfanya kazi wa kawaida hana ruhusa yoyote ya kuinywa. Dubai huuzwa mahali penye leseni, lakini Sharjah, mji ulio jirani kabisa, hairuhusiwi, na kijana aweza kuvuka mpaka huo ndani ya basi bila kujua. Kuonekana umelewa barabarani ni kosa huko kote. Kitambulisho cha ukaazi kisiachwe nyumbani.

Na ule ujanja ambao Nairobi huitwa "mchele", yaani dawa ya usingizi itiwayo katika kinywaji cha mtu ili aibiwe simu na fedha zilizo ndani yake, hauko Nairobi peke yake. Glasi iliyoachwa mezani isinywewe tena, hata kama ilikuwa ya soda.

Wako wanaosema kwamba tukifundisha haya twafundisha ulevi. Twawakumbusha usiku wa tarehe 11 Julai mwaka 2010 huko Kampala. Watu walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika hoteli moja ya Kabalagala kutazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yakalipuka, watu zaidi ya 70 wakafa. Jamaa waliwatafuta watu wao Mulago usiku kucha. Kama mtoto wa mmoja wetu angalikuwa pale na chupa mkononi, je, Mweka Hazina angaliagizwa kwanza aulize chupa ile ilikuwa ya nini?

Mweka Hazina mwenyewe ameleta hoja yenye nguvu zaidi, nayo ni ya fedha. Ahofu kwamba tukiiondoa Kanuni ya 14 zitarudi zile faini za sokoni. Tumekaa naye jioni mbili. Tumekubaliana kwamba faini na dhamana za makosa zibaki nje ya msaada wa Chama kama zilivyo sasa. Katika mengine hatukukubaliana, naye atasema mwenyewe.

Kwa hiyo Kamati yapendekeza Kanuni ya 14 ifutwe, na mahali pake paandikwe: "Mwanachama aliye hatarini au mgonjwa ugenini atasaidiwa kwanza. Sababu ya hatari yake itaulizwa akisha kuwa salama, na jibu lake halitampunguzia msaada wa matibabu wala wa kurudi nyumbani." Kadhalika yapendekeza simu ya Chama isizimwe usiku. Wajumbe sita wamekubali kuishika kwa zamu, wiki moja moja, na majina yao yamo katika ukurasa wa mwisho. Atakayepokea simu atauliza mambo matatu tu: uko wapi, uko na nani, na je, daktari amekwisha itwa.

Bwana Mwenyekiti, wazee wa Kyuso wameomba wasemaji wao watangulie katika mjadala huu, nasi hatuna pingamizi. Yule kijana amekuja pamoja nao. Ameketi karibu na mlango, upande wa akina mama, naye ameomba naye apewe nafasi ya kusema kabla kura haijapigwa.