Kusema na Watu Wagumu Kazini



Tumeombwa tuseme machache juu ya lugha ya kazi, nasi twaona hapana mahali pafaapo kuanzia kama penye mizani. Mengi ya magomvi ya miaka hii kumi hayakuzaliwa ofisini. Yalizaliwa ghalani, siku ya kupokea mahindi, jua likiwa utosini na foleni ikiwa ndefu.

Kama mjuavyo, mahindi ya kuuzwa yatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mzee mmoja alifunga ng'ombe wake tangu alfajiri, akaja na mkokoteni umejaa. Kipima unyevu kikaonyesha 15. Karani wa chama hicho cha msingi, ambacho hatukitaji, akamwambia mbele ya watu: "Mahindi yako mabovu, rudi nayo." Mzee hakujibu neno. Aligeuza ng'ombe, akauza kwa mlanguzi aliyekuwa akingoja barabarani, tena kwa lumbesa, ujazo ule unaokatazwa na sheria ya vipimo. Yeye alipata hasara, chama kikakosa magunia yake, na kwa misimu miwili hakuonekana mkutanoni. Wala mahindi hayakuwa mabovu. Yalikuwa hayajakauka, yakihitaji siku chache za jua juu ya turubai. Maneno matano yalitufukuzia mwanachama.

Twamtaja mzee yule kwa kuwa hakupiga kelele. Wengi hudhani mtu mgumu ni yule agongaye meza, lakini hapa Ufipa aliye mgumu zaidi ni anyamazaye. Adabu ya wazee wetu ilikuwa kuchutama na kupiga makofi taratibu mbele ya mkubwa kabla ya neno lolote. Mtu aliyelelewa hivyo, akivunjiwa heshima, haonyeshi hasira, huondoka. Mwingereza Roy Willis, aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima juu ya sanaa ya kusema ya Wafipa, nasi tungali twadhani salamu ni kupoteza wakati! Basi karani asihesabu kimya kuwa ni kukubali. Amwite mzee kando, amwamkie, amwonyeshe kipimo kwa macho yake, amwulize kama nyumbani ana pa kuanikia.

Hatusemi kipimo kilegezwe kwa ajili ya kumpendeza mtu. Mahindi mabichi yakiingia ghalani huleta ukungu na sumukuvu, na mali ya wenzake wote huharibika pamoja na yake. Kinachobadilika ni namna ya kumwambia.

Mwanachama mkali naye ana njia yake: aachwe amalize. Katika kila mkutano mkuu yuko mzee asimamaye kuuliza fedha zimekwenda wapi, na vijana humcheka. Wasimcheke. Mwaka 1976 aliona Serikali ikivifuta vyama vya ushirika, vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mtu aliyepitia hayo hatulizwi kwa kuambiwa "tuaminiane, mzee wetu". Hutulizwa kwa kufunguliwa daftari. Tena si hisani tunayomfanyia, kwa maana mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama, naye ni mmoja wa wenye mkutano. Apewe hesabu kwa tarakimu, pamoja na hati za malipo, na mara nyingi huketi mwenyewe.

Yuko pia bwana mkubwa wa ofisini asiyependa kusahihishwa mbele za watu. (Yasemekana makatibu tumo wengi katika kundi hili.) Huyo aandikiwe barua fupi, yenye jambo moja tu, nayo isisomwe na mwingine kabla yake.

Msimu huu, kabla ya kuandika, karani atasoma kilo kwa sauti, na mwenye mzigo atatazama mizani mwenyewe. Atakayerudishwa kwa ajili ya unyevu atapewa karatasi yenye kipimo chake na siku ya kurudi, wala asirudishwe mtu pasipo karatasi hiyo. Turubai za kuazima zitakuwa ghalani. Mwenye haja na amwombe karani wa mizani.