Kanuni za Mwendo Ndani ya Daladala: Mada kwa Semina ya Walimu wa Fizikia



Mwanafunzi wa sekondari hata ukimwamsha usiku wa manane atakutajia kanuni tatu za Newton bila kuruka neno. Sasa muulize: daladala likifunga breki ghafla, ni kani gani inayomsukuma mbele abiria aliyesimama? Ataitafuta, na ataipata. Mmoja ataiita kani ya breki, mwingine kani ya injini. Kani hiyo haipo. Hoja yangu leo ni kwamba tunaanza na tamko la kanuni, halafu mfano tunaubandika mwishoni kengele ikikaribia kulia. Tugeuze.

Abiria yule alikuwa akienda kwa mwendo uleule wa gari. Breki zimeyashika magurudumu, lami imeyazuia, gari limepunguza mwendo. Yeye anashikwa sehemu mbili tu: nyayo sakafuni na kiganja kwenye bomba. Nyayo zinapunguza mwendo pamoja na gari, kiwiliwili kinaendelea na safari yake, na kiganja kikiteleza anamwangukia wa mbele. Gari likiondolewa kwa fujo, miguu ndiyo inayotangulia, kiwiliwili kinabaki, anawalalia wa nyuma. Konda hajasoma haya popote, lakini mtazameni: gari linapokaribia kituo huwa tayari ameegemea nyuma.

Wanafunzi wetu tusiwacheke. Aristotle naye alifundisha kwamba kitu hakiendelei kwenda bila kinachokisukuma, na wasomi wakamfuata kwa karne nyingi. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo angemuunga mkono, maana akiacha kusukuma, mkokoteni unasimama. Galileo ndiye aliyeligeuza swali kwa kuuliza kinachokisimamisha kitu ni nini. Isaac Newton akaifanya hoja hiyo kanuni ya kwanza katika kitabu chake Principia, kilichotoka mwaka 1687. Mkokoteni unasimamishwa na msuguano kwenye ekseli na matairi yanayobonyea barabarani. Ekseli ikitiwa grisi na matairi yakijazwa upepo, msukumo uleule unaufikisha mbali zaidi. Jaribio hilo halihitaji maabara.

Kanuni ya pili ndiyo yenye hesabu, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu inagusa uhai wa watu. Kani ni sawa na tungamo la kitu mara kiasi cha mwendo wake kinachobadilika kila sekunde. Chukulieni basi ambalo breki zake zinalipunguzia mwendo kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, litasimama baada ya mita 12 hivi tangu breki zishike. Waulizeni wanafunzi: likiwa kwenye 80 je? Wengi watasema 24. Ni mita 49. Mwendo umezidi mara mbili, umbali wa kusimama umezidi mara nne, na hapo hatujahesabu sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo peke yake ni mita 22 nyingine.

Sasa mweke mama kiti cha mbele, amempakata mtoto wa kilo 10. Gari la kilomita 80 kwa saa linagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili mtoto asimame pamoja na gari, mikono ya mama inatakiwa kumzuia kwa kani ya niutoni 2,200 hivi, sawa na kuinua zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 100. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata ampende mtoto namna gani. Mkanda wa gari unasaidia kwa sababu unamshika mtu mapema na kulegea kidogo, hivyo muda wa kusimama unarefuka na kani inapungua. Darasa likishafanya hesabu hii kwa kalamu yake, hakuna haja ya kulihubiria habari za mikanda.

Kanuni ya tatu ndiyo inayotegua vichwa vya wajanja. Atasimama mmoja aseme: mwalimu, nikiuvuta mkokoteni nao unanivuta kwa kani ileile, basi kani zinafutana, mkokoteni hautaondoka kamwe. Swali zuri kuliko majibu tunayoyatoa. Kani hizo mbili haziko juu ya kitu kimoja: moja iko kwenye mkokoteni, nyingine iko kwako. Kani hufutana zikiwa juu ya kitu kilekile. Wewe unaenda mbele kwa sababu unaisukuma ardhi nyuma kwa miguu, nayo inakusukuma mbele zaidi ya mkokoteni unavyokurudisha. Mvua ikinyesha, udongo ukateleza, nguvu zako zote ni bure: nyayo zinarudi nyuma na mzigo uko palepale. Mvuvi anayeruka kutoka mtumbwini bila kuufunga naye anaijua kanuni hii, maana mtumbwi humkimbia.

Katika kazi ya vikundi mchana huu, naomba kila kundi liandae maswali mawili ya namna hii kutoka barabarani, sokoni au pwani, yasiyojibika kwa kukariri. Tuyapeleke darasani kabla ya kuandika kanuni yoyote ubaoni, na tuwaache wanafunzi wabishane kwanza.