Probayotiki na Tumbo la Msafiri



Desemba ikikaribia, maduka ya dawa ya katikati ya jiji na ya Westlands hupata wateja wanaofanana. Mtu ana pasipoti mkononi, pengine ametoka kudungwa chanjo ya homa ya manjano, naye anauliza kama kuna kitu cha kumeza ili asiharishe akiwa ugenini. Anakwenda kazini Dubai, au anampeleka mgonjwa India, au anaelekea Umra. Siku hizi huonyeshwa kopo la probayotiki, na bei yake si mchezo.

Je, kopo hilo linamkinga?

Probayotiki ni vijiumbe hai vinavyomezwa kwa matumaini ya kulisaidia tumbo. Nyingi ni bakteria wa ukoo wa wale wanaogandisha maziwa. Mojawapo ni hamira iitwayo Saccharomyces boulardii. Hamira hiyo ilipewa jina la Henri Boulard, Mfaransa aliyeigundua kwenye maganda ya matunda huko Indochina miaka ya 1920.

Kenya ina nafasi yake katika habari hii. Mwaka 1978, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa kwa vijana wa Peace Corps waliokuwa wamefika nchini. Waliomeza antibayotiki ya doksisaiklini kila siku waliugua tumbo mara chache sana kuliko waliomeza vidonge vitupu. Mwaka 2000, The Lancet nalo lilieleza kwamba zaidi ya nusu ya watalii waliokaa Mombasa wiki mbili waliharisha. Adui mkubwa alikuwa bakteria wa aina ya E. coli, anayeingia kwa maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa choo.

Basi mbona msafiri hapewi antibayotiki ya kinga? Kwa sababu bakteria huizoea dawa. Siku mtu anapopata homa ya matumbo ya kweli, dawa inakataa kufanya kazi. Nairobi tunaijua shida hiyo, hasa pale watu wanapokatiwa vidonge vitatu vitatu dukani bila cheti cha daktari. Ndiyo maana macho yaligeukia probayotiki.

Matokeo yake ni ya wastani. Wafini waliosafiri Uturuki walipewa bakteria aitwaye Lactobacillus GG, na wenzao wakapewa unga mtupu. Katika ripoti ya mwaka 1990, walioharisha kwa unga mtupu walikuwa asilimia 46.5, na kwa bakteria asilimia 41. Zaidi ya hapo, nafuu ilionekana katika mji mmoja waliofikia na haikuonekana katika mwingine. Tafiti zilizofuata zimevutana vivyo hivyo, na mwaka 2017 wataalamu wa tiba ya wasafiri walikubaliana kwamba ushahidi hautoshi kuzipendekeza kwa kinga. Mtu mzima mwenye afya njema akizimeza, kwa kawaida hazimdhuru. Asizihesabu tu kuwa ngao, akala saladi iliyooshwa kwa maji ya mfereji asiyoyajua.

Kuna wasiopaswa kuzigusa bila kumwuliza daktari: mwenye kinga dhaifu, anayetibiwa saratani, mgonjwa aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na mtoto mchanga. Kwao hata kijiumbe rafiki kinaweza kuingia kwenye damu. Jambo hili ni zito kwa familia zinazompeleka mgonjwa ng'ambo, maana mara nyingi kopo hununuliwa moja na kugawanywa kwa wote, mgonjwa akiwemo.

Wengine huuliza, na mala je? Mala ya dukani, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto kuua viini kisha kugandishwa, ni chakula kizuri, na bei yake mtu wa Kangemi anaimudu. Mursik ya Wakalenjin ni fahari ya nyumbani. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba glasi ya mala humkinga msafiri. Tena maziwa mabichi yakigandishwa bila kuchemshwa yanaweza kubaki na viini vya bruselosisi, hata yawe machachu namna gani.

Wako pia wasafiri wanaokuja kwetu. Mjukuu aliyezaliwa London akifika Kawangware kumwona nyanya yake, tumbo lake ni la mgeni hata kama jina lake ni la hapa. Wazazi hudhani wamerudi nyumbani, hawaendi kliniki kabla ya safari, na chanjo ya homa ya matumbo husahaulika. Nyanya akichemsha maji ya kunywa ya mtoto na kumpa chakula kikiwa moto kutoka jikoni, atakuwa amefanya kazi ambayo kopo haliwezi. Mikono ioshwe kwa sabuni, na matunda yawe ya kumenya.

Pesa za kopo zikibaki, zinunue pakiti kadhaa za ORS za kuweka kwenye mkoba. Anayeharisha huuawa na upungufu wa maji, na mtoto hukauka haraka kuliko mtu mzima. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitafaa, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kurundika. Mtoto aongezewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Choo kikiwa na damu, homa ikipanda, mtoto akilegea au macho yakididimia, usingoje asubuhi. Choo kikitoka kama maji ya mchele, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akinyweshwa ORS njiani.