Barafu ya Milima na Maji ya Dembo Letu
Maneno ya moniteri wa kilimo mbele ya wakulima wa vijiji vya kando ya Lualaba



Jumapili iliyopita mzee mmoja wa hapa aliniuliza: "Moniteri, wewe umesoma. Mbona siku hizi kisima cha dembo kinakauka mwezi wa tisa, hali zamani tulichota mpaka mvua inarudi? Ni watu wameharibu, ao ni dunia imegeuka?" Sikumjibu upesi. Leo nitamjibu, lakini nitaanza mbali kidogo, juu ya mlima.

Mnajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Kwetu Kolwezi ni meta 1,400 na zaidi juu ya bahari, na Biano ni juu kupita. Asubuhi nyingine umande wa dembo unakuwa mweupe na mgumu kama chumvi, na majani ya viazi yanaungua. Jua likipanda, weupe unakwisha. Basi fikirini mlima mrefu hata weupe ule haukwishi: mvua inaanguka kama unga, inalundikana mwaka juu ya mwaka, inajishindilia hata inakuwa kama jiwe. Hiyo ndiyo barafu.

Mlima wa namna hiyo uko katika inchi yetu ya Kongo, upande wa mashariki, mpakani na Uganda. Jina lake Ruwenzori. Kilele chake, Margherita, kina meta 5,109. Wakonzo wanaokaa chini yake huita theluji ile Nzururu, nao wameiheshimu tangu zamani. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, mtu wa jamaa ya wafalme wa Italia, aliupanda pamoja na watu wake, wakachora ramani. Wakati ule barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Ruwenzori, ikifunika kama kilometa za mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki kama kilometa moja tu, na milima mitatu kati ya ile sita ilikuwa mawe matupu. Kilimanjaro kule Tanzania vilevile: mwaka 1912 barafu yake ilikuwa kama kilometa za mraba 12, mwaka 2011 hazikufika 2.

Mtu atasema: "Inatuhusu nini? Hatupiki bukari kwa barafu." Ni kweli. Hata maji ya Ruwenzori hayatufikii. Yanaingia mto Semliki, yanakwenda ziwa Albert, kisha Nile. Lualaba yetu haitoki katika barafu, inatoka katika mvua na madembo. Lakini barafu ni shahidi asiyesahau. Sisi mvua ikikosa mwaka mmoja tunalia. Mwaka wa pili ikinyesha vema tumesahau. Barafu inahesabu miaka mingi pamoja. Joto likizidi kidogo kidogo, hata mtu asilisikie mwilini, barafu inapungua.

Tena Ruwenzori ina habari nyingine. Mbali chini ya barafu ya leo kuna vilima vya mawe vilivyosukumwa na barafu zamani sana, zaidi ya miaka 10,000. Ziwa dogo la Mahoma, karibu meta 3,000, limezungukwa na mawe hayo. Basi anayesema kwamba dunia iligeuka hata kabla ya viwanda, hasemi uwongo. Lakini mageuko yale yalichukua maelfu ya miaka. Haya ya sasa babu aliyaona mwanzo wake na mjukuu anayaona.

Juu ya sababu, wenye elimu walibishana sana, hasa kwa Kilimanjaro: wengine walisema hewa imekauka na mawingu yamepungua, wengine walisema ni joto. Juu ya dunia nzima ubishi umekwisha. Joto limepanda zaidi ya digri moja tangu miaka ya 1800, kwa moshi wa makaa ya mawe na petroli, na kwa misitu iliyokatwa. Vijana mnaochimba kobalti mnajua inakwenda kufanya betri za motokari zisizo na moshi. Dunia inatafuta dawa yake katika udongo wa Kolwezi, ila kisima chetu hakuna aliyekuja kukiuliza.

Sasa namjibu mzee: ni yote mawili. Joto likizidi, dembo linakauka upesi, na hilo sisi peke yetu hatuwezi kulizuia. Lakini nilikwenda kutazama kisima kile. Juu yake watu wamechimba mitaro miwili wapate kulima mboga katikati ya dembo, na maji yanateremka mtoni kabla ya kiangazi kufika. Ukingoni imepandwa mikalitusi, mti unaokua upesi kwa sababu unakunywa sana. Na kule kwenye tanuru za makala udongo umebaki mtupu na mgumu. Mvua inapita juu yake kama juu ya bati.

Sisemi acheni makala. Mimi nilisomeshwa kwa makala ya baba yangu. Nasema acheni visiki vichipuke, msiving'oe. Choma majani mwezi wa tano ao wa sita, yangali na ubichi, moto upite taratibu. Moto wa mwezi wa tisa unaua hata machipukizi. Mboga zilimwe pembeni ya dembo. Tena tuweke kijiti kisimani, kila mwezi mtoto mmoja wa shule aandike katika daftari maji yamefika wapi, ili mwaka kesho tusibishane kwa kukumbuka tu.

Kesho kutwa, kabla jua halijapanda, tukutane kisimani. Tutaziba mtaro wa juu kwanza, kwa kuwa ndio mrefu. Mama wenye mboga kando ya mtaro wa pili wameomba wavune kwanza, nami nimekubali, huo utangoja. Leteni majembe, na mwenye kikapu cha kubebea udongo akilete.