Kumbukumbu ya Niemba

Kila mwezi wa Novemba nchi ya Ireland inawakumbuka askari wake 9 waliouawa Niemba, kaskazini mwa Katanga, tarehe 8 Novemba 1960. Walikuwa wa Umoja wa Mataifa, uliokuwa umeshika pia kambi yetu kubwa ya hapa Kamina. Siku hiyo walikuta daraja la mto Luweyeye limebomolewa. Luteni Kevin Gleeson aliwaamkia vijana wa Kiluba kwa Kiswahili: "Jambo". Akajibiwa kwa mishale.

Vijana wale walikuwa wamechomewa vijiji na majandarme wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, wakiongozwa na maofisa wazungu. Wazungu hawa wa Ireland wangewatofautishaje na wale?

Askari 2 tu wa Ireland walipona. Mwili wa askari kijana Anthony Browne ulipatikana miaka 2 baadaye. Alipewa nishani ya ushujaa ya kwanza ya jeshi lao.

Dublin wanayataja majina yote 9. Wetu waliokufa katika vita hiyo hiyo ya Katanga, nani anawataja? Wazee mnaotusikiliza, majina mnayo. Waiteni wajukuu, wayaandike mwaka huu.